Mwendo wa Mdogo Wangu

Mimi sikuwaita. Hilo nataka lieleweke mapema, maana siku hizi kila mtu hapa Kihonda, Morogoro, ananipongeza kwa kuwalea wale vijana wa sanaa, utadhani nilikaa nikapanga. Mimi nauza chakula. Nina banda la bati karibu na magodauni, lina sakafu nzuri ya saruji, na ikifika saa tisa mchana wateja wameshakula wamerudi kazini, banda linabaki wazi. Hicho ndicho walichokifuata. Walikuja watano, wanaangalia chini, wakaniamkia shikamoo mara mbili mbili, nikajua hapa pana shida inakuja.

"Mama, tunaomba sakafu," akasema mkubwa wao, kijana wa kuchomelea mageti.

"Sakafu yangu mnataka kuipeleka wapi?"

Wakacheka. Walitaka mahali pa kufanyia mazoezi ya kucheza. Nikawaambia sawa, ila atakayecheza kwangu aoshe masufuria kwanza, na muziki wa matusi sitaki kuusikia. Kumbe muziki hawakuwa nao kabisa. Walikuwa na ndoo moja ya plastiki ya kupiga, na miguu yao.

Nilidhani watacheza yale ya kwenye simu, ya kutikisa mabega. Wapi! Siku ya kwanza tu walijipanga mstari, kimya, mmoja wao akawa mnyapara. Mnyapara anapita anaonyesha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Anayechaguliwa anaruka mbele. Yule wa kuchomelea hachaguliwi. Anajinyoosha, anatunisha kifua aonekane ana nguvu, mnyapara anampita. Anahamia upande wa pili, anatunisha tena. Mwisho anabaki peke yake getini, kifua bado kiko juu, na hakuna wa kumwona. Basi, imekwisha, hakuna neno lililosemwa. Vijana wa namna hiyo nawaona kila asubuhi kwenye geti la godauni, nawauzia chai, na sikuwahi kufikiria kwamba kile kifua kinauma. Siku hiyo niliwapa wali uliobaki, na masufuria nikaosha mwenyewe.

Sasa, nyumbani kwangu kulikuwa na binti. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mdogo wangu alipofariki hakuna aliyeuliza mtoto aende kwa nani. Alikuwa wangu tangu siku aliyozaliwa. Lakini namna msiba wenyewe ulivyomfikia, hapo ndipo hasira inaponipanda mpaka leo.

Mdogo wangu aliishi nyumbani, huko juu Uluguru, akilima kabichi na karoti na kuziteremsha mwenyewe kichwani mpaka barabarani. Aliugua ghafla, wakamteremsha kwa machela, hospitali hakufika. Mtoto alikuwa bodingi, ndiyo kwanza ameanza mtihani wa kidato cha nne. Kaka yetu, ambaye ndiye mjomba wa mtoto na ndiye mwenye sauti kwenye ukoo, akaamua kwamba asiambiwe mpaka amalize. Mnalijua jambo hili, linafanyika kila mahali na watu wanaliita huruma. Mimi nilibisha. Nilisema anayezikwa ni mama yake, siyo jirani yake. Kaka akaniuliza, "Unataka afeli?" Wazee wakamuunga mkono. Nikashindwa, tukazika.

Watani walikuja, na walifanya kazi yao. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuleta kicheko msibani. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Hapo ndipo unapoamini kwamba mtu kweli ameondoka. Siku ile bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu alimwigiza mdogo wangu mpaka katekista akashika mbavu. Watu wote tulimwona. Mtoto wa marehemu alikuwa kwenye chumba cha mtihani.

Alirudi na tranka lake na godoro, matanga yameshaanuliwa. Aliingia moja kwa moja jikoni anaita, "Mama, nimemaliza!" Kaka ndiye aliyemshika mkono akampeleka kaburini. Maua yalikuwa yameshakauka. Mtoto akaangalia, akauliza lini, akaambiwa, akanyamaza. Hakulia. Na kwa kuwa msiba ulishakwisha, watu hawakujua wamfanye nini. Hakuna aliyemtandikia mkeka. Hakuna aliyekuja kumpa mkono akamwambia pole. Walimwambia jikaze, wewe sasa mtu mzima, subiri matokeo. Matokeo yakaja mazuri, na kaka akawa anayatembeza kila mahali: mnaona?

Nikamleta Kihonda. Alinisaidia kazi vizuri sana, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Umwambie akate vitunguu, anakata. Umwambie apumzike, anapumzika. Binti ambaye zamani akija likizo nyumba nzima inamwomba anyamaze, sasa unampata na "ndiyo mama", "hapana mama", basi. Nilimpeleka kwa padri, nikampeleka na hospitali. Kote tulirudi na "ndiyo" na "hapana" zetu.

Mchana mmoja vijana walikuwa wanacheza, yeye anaosha sahani pembeni. Akafuta mikono. Akaingia ndani, akatoka na khanga ya mama yake niliyokuwa nimeitunza, akaizungusha ikawa kata ya kutulizia mzigo, akaiweka kichwani, akatembea.

Jamani! Mwiko ulinidondoka. Shingo imenyooka, mkono mmoja uko nyuma umeshika pindo la gauni, nyayo zimegeuka upande, nyayo za mtu anayeteremka penye utelezi. Sakafu yangu ni tambarare, lakini mimi niliuona mlima. Nilimwona mdogo wangu anashuka na tenga lake la kabichi.

Halafu akasimama. Hapo inabidi niwaeleze. Kwenye njia ya nyumbani, katikati ya mteremko, kuna jiwe kubwa. Mdogo wangu kila akifika hapo, bila kutua mzigo, aligeuka akautukana mlima kwa sauti: "Nakuhama, mlima wewe!" Na watu walioko mashambani, wengine hata huwaoni, wanamjibu kwa pamoja: "Utahamia wapi? Kwenu ni huku huku!" Ilikuwa hivyo kila siku ya soko, miaka nenda miaka rudi, na usipomsikia unauliza kama anaumwa. Sasa mtoto wake akasimama pale, akageuza uso juu, akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akashusha ile khanga, akaitandika chini, akakaa juu yake na kunyoosha miguu wanavyokaa wafiwa. Akawa anasubiri. Ngoma yake iliishia hapo, kwenye kusubiri.

Mpiga ndoo aliacha kupiga. Mimi nilijivuna mpaka nikaogopa, maana nilikuwa nimeelewa anamsubiri nani. Alikuwa anasubiri mtu wa kumpa pole.

Aliicheza tena mbele ya watu, kwenye kiwanja hapa hapa Kihonda, na wenzake walicheza zao. Wanawake waliokuja kuchungulia tu walisimama mpaka mwisho. Nilikuwa napita katikati yao na chupa ya chai, kila aliyeniuliza huyu binti ni wa nani nilimjibu hata kabla hajamaliza swali. Shida ni simu. Mtu alirekodi, akamrushia mtu, na kabla ya Jumapili video ilikuwa imeshapanda mlima.

Kaka akapiga. Hata salamu hakunipa.

"Nani kampa ruhusa ya kumwigiza marehemu?"

"Anacheza, kaka. Anamkumbuka mama yake."

"Mfiwa haigizi maiti wake! Hiyo ni kazi ya mtani. Anatuchuria huyu. Anamwita nani sasa amfuate mama yake?"

Na si uongo, ndivyo tulivyolelewa. Mwenye msiba akijifanya marehemu, ni kuita kifo kingine. Yule mtoto hakuwepo msibani, angejuaje mipaka ya mtani na ya mfiwa? Alikosea kosa la mtu ambaye hakuzika. Lakini kaka hakutaka kuyasikia hayo. Akasema aache mara moja, na kama haachi, asikanyage huku.

"Asikanyage kwao?"

"Asikanyage."

"Kaka, aliyechuria ni aliyemficha mtoto kifo cha mama yake!" Nikamkatia simu. Kaka yangu mkubwa! Sijawahi kufanya hivyo maishani, na niseme ukweli, nilijisikia vizuri mpaka nikala chakula cha mteja.

Wakati huo huo wale vijana walikuwa wamealikwa kucheza ukumbini, Morogoro Mjini. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mahali penye viti. Nilimwambia binti, twende zetu mjini, mjomba wako atazoea. Akaweka kisu chini. Akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aje kwangu.

"Hapana, mama. Nataka kucheza nyumbani kwanza. Mjini nitacheza baadaye. Nyumbani ndiko walikoniambia nijikaze."

"Na mjomba akikufukuza mbele za watu?"

"Anifukuze, lakini awe ameona."

Nilimtazama nikasema moyoni, haya, huyu ni wa mdogo wangu kweli. Nikafunga banda. Tulipanda gari la Noah mpaka barabara ilipoishia, halafu miguu. Wale mashujaa wangu wa Kihonda, wanaoruka sakafuni siku nzima, walipumua kwa mdomo kabla hata hatujapita mashamba ya kwanza. Akina mama waliobeba ndizi waliwapita wakiwacheka. Binti alikuwa mbele. Kwenye lile jiwe alipita kimya, hakusimama.

Kaka alishasikia tunakuja, alikuwa anatusubiri uani na majirani wote. Tulimwamkia, akaitika "marahaba" moja kwa watu saba. Pembeni yake alikuwa amekaa yule bibi mtani, yule yule wa siku ya mazishi. Kaka alikuwa amemwita makusudi amtoze mtoto faini kwa kumwingilia kazi yake. Bibi aliponiona tu akaanza.

"Na wewe mnene, umemaliza wali wote wa mjini umekuja kumalizia wa huku?"

"Nimekuja kukuzika, bibi, nimesikia umekaribia."

"Utatangulia! Ukoo wenu mnajua kutangulia." Watu wakacheka. Kaka hakucheka.

Hakukuwa na ndoo. Binti alivua viatu, akaizungusha khanga, akaiweka kichwani, akatembea kwenye udongo ambao mama yake aliufagia kila asubuhi. Jirani mmoja aliyekuwa ameshika mtoto alimgeuza mtoto asione. Nilikuwa nimeshapanga matusi yote nitakayomtukana kaka akimfukuza, nimeyaweka tayari kwenye ulimi.

Bibi mtani akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Simama hapo hapo! Mwizi!"

Binti akasimama.

"Umeiba kazi yangu. Na kuiba kwenyewe hujui! Nani amekwambia mama yako alikuwa anatembea hivyo?"

"Ndivyo alivyotembea, bibi."

"Zamani! Alianguka kule mtoni mwaka ule wa mvua nyingi, goti la kushoto likaharibika. Wewe ulikuwa bodingi, ukija likizo anajikaza usijue. Mguu ule alikuwa anaukanyaga kwa kuubembeleza. Lete hiyo khanga."

Akamnyang'anya. Mwanamke yule ni mzee, mgongo umeshapinda, lakini alipoweka ile kata kichwani aliwaka. Alitembea. Mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unabembelezwa. Anafika mbele ya jirani huyu, anashika kiuno: "Msinicheleweshe, mwanangu yuko bodingi!" Anahamia kwa yule: "Mnaniona hivi hivi, mwanangu anaandika Kiingereza mpaka kalamu inaisha wino!" Anamgeukia kaka, kwa sauti ya mdogo wangu ile ile: "Wewe kaka nipishe njiani, umekaa tu, mwanangu akirudi atakufundisha kusoma!"

Ni yale yale aliyoyafanya siku ya mazishi, neno kwa neno. Watu wakaangua kicheko. Na binti akacheka. Nilikuwa sijamsikia anacheka tangu aje kwangu. Alicheka kwa nguvu, ameshika tumbo, halafu nikaona mabega yanabadilika, na kile kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa sauti ya juu kabisa, "Mama! Mama yangu!", kilio cha mtu aliyepewa habari sasa hivi. Akaenda chini. Akakaa, akanyoosha miguu, kama kwenye ile ngoma yake. Tofauti ni kwamba sasa hakuwa anacheza.

Watu wakabaki wamesimama. Hawakujua kama bado ni mchezo.

Bibi mtani alitua khanga. Alikuwa anahema. Akamnyooshea kaka kidole.

"Faini ni jogoo, na jogoo ni lako wewe. Siku ile nilicheza mfiwa wangu hayupo. Nilizunguka uani humu namtafuta wa kumchekesha, simwoni. Nani alinificha mfiwa wangu? Huyo ndiye mwizi."

Ni mtani tu anayeweza kusema neno kama hilo mbele ya ukoo mzima na lisigeuke ugomvi. Mimi nililisema kwenye simu likawa ugomvi. Kaka alikaa. Alivua kofia, akaiangalia ndani kama kuna kitu amepoteza humo. Halafu akasimama, akavuka ua, akachuchumaa mbele ya mtoto, ingawa magoti yake ni mabovu. Akampa mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Umefiwa na mama."

Binti akamshika shingoni akaendelea kulia. Matusi yangu yote yaliyeyuka kwenye ulimi, nikabaki namlilia mdogo wangu upya. Nyuma ya kaka akaja mke wake, akaja jirani aliyemgeuza mtoto, akaja katekista, wakapanga mstari, mmoja mmoja, pole, pole mama, pole kwa msiba. Kijana wa kuchomelea naye alijipanga, na wenzake. Mtu alileta mkeka. Mtu mwingine akawasha moto akabandika chungu kikubwa, na tulilala hapo hapo, matanga ya usiku mmoja, yaliyochelewa. Jogoo alichinjwa. Bibi mtani alikula mapaja yote mawili akalalamika hana chumvi.

Ukumbini walicheza wiki iliyofuata, na walicheza kwelikweli. Watu walisimama kwenye vile viti vyao. Sasa ngoma ya binti ina goti la kushoto ndani yake, na mwisho akikaa kusubiri, wenzake wanakuja mmoja mmoja kumpa mkono. Kaka na mtani walishakubaliana kwa jogoo, kwa hiyo hakuna wa kusema anatuchuria. Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akanifuata. Nikamwambia kama ana mtoto kama wangu naye apige, kama hana atulie.

Lakini mimi nikifumba macho naiona asubuhi ile tulipokuwa tunateremka. Mke wa kaka alikuwa ametujazia tenga la kabichi. Vijana walitaka kulibeba, binti akakataa. Akaweka kata, akajitwika, akatangulia. Hakutembea mwendo wa mama yake, wa zamani wala wa goti. Alitembea wake, wa haraka, mikono inaning'inia, nami nyuma naomba Mungu kabichi zangu zifike.

Kwenye lile jiwe akasimama. Hakutua mzigo. Aligeuka taratibu, akauangalia mlima wote, mashamba, migomba, moshi wa nyumba yao. Akafungua mdomo, na mara hii sauti ilitoka, kubwa, ya yule mtoto wa likizo tuliyekuwa tunamwomba anyamaze:

"Nakuhama, mlima wewe!"

Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu. Watu walikuwa hawajaitwa hivyo tangu mdogo wangu afe. Halafu juu kabisa, kutoka uani kwetu, ikaja sauti moja ya kiume, imekwaruza kwa kulia usiku kucha, na naijua tangu nizaliwe. Ni ya kaka.

"Utahamia wapi? Kwenu ni huku huku!"